Waya Umeshuka Kushoto: Kutatua Matatizo ya Kuweka Betri ya Moyo kwa Mgonjwa Mwenye Vena za Njia Nyingine

Simu ya namna hii huja mgonjwa wa kuwekewa betri ya moyo, kifaa kinachouamsha moyo kwa umeme kupitia waya, akiwa tayari amelala mezani, kifua kimepakwa dawa na ngozi imeshapasuliwa. "Daktari, samahani kukusumbua. Damu ni nyeusi, waya umeingia bila shida, ila unashuka kushoto mwa uti wa mgongo. Tuendelee?" Jibu langu ni lile lile: msiendelee, msichomoe kitu, kwanza nielezeni ncha ya waya imeishia wapi. Anayepiga simu hanitii hofu. Hofu yangu iko kwa yule anayeona waya umekwenda kombo, akajiambia "si ni vena tu," akasukuma mrija.

Ramani kwa ufupi. Kwa watu wengi vena ya mkono wa kushoto, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, hupita chini ya mtulinga, ikakatiza nyuma ya mfupa wa kidari kwenda kulia, ikaungana na mwenzake kuwa vena kava ya juu, kisha ikamwaga damu kwenye atiria ya kulia, chumba cha juu cha moyo upande huo. Lakini tulipokuwa tumboni mwa mama, sote tulikuwa na mifereji miwili ya kushusha damu, mmoja kila upande. Ule wa kushoto hunyauka, ukabaki kano nyembamba iitwayo kano ya Marshall. Kwa watu kama 3 hadi 5 katika kila 1,000 haunyauki. Hubaki wazi kama vena kava ya juu ya kushoto, na mara nyingi humwaga damu kwenye sinusi ya korona, ule mfereji ulio nyuma ya moyo, ambao nao hufungukia atiria ya kulia. Damu inafika inakotakiwa, mwenye moyo haumwi chochote, anaoa, analea wajukuu, na hakuna anayejua mpaka moyo wake unapoanza kupiga mapigo 30 kwa dakika na kuletwa kwetu. Kwa waliozaliwa na kasoro za moyo hali hii ni ya kawaida zaidi.

Chini ya kila dalili, chanzo cha kwanza ndicho kinachotokea sana. Nimeandika kwa ajili ya wote walio chumbani: daktari, muuguzi, fundi wa mashine ya betri na mwenzetu wa eksirei, kwa sababu mara nyingi wa kwanza kuona waya umepotea njia ni yule aliyesimama mbali.

Kabla ya kisu

Ukipata nafasi ya kufanya jambo moja tu siku ya kabla, rudia kuitazama eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Tafuta tundu la mviringo nyuma ya atiria ya kushoto, katika ile picha ndefu ya moyo inayochukuliwa ubavuni mwa kidari. Hiyo ni sinusi ya korona. Ikiwa imetanuka bila sababu iliyo wazi, shuku vena kava ya kushoto.

Kuthibitisha hakuhitaji mtambo wa gharama. Weka kanula (mrija mwembamba wa kwenye vena) mkono wa kushoto, unganisha sirinji mbili kwa koki ya njia tatu, weka mililita 9 za maji ya chumvi na mililita 1 ya hewa, uzisukume huku na huku mpaka maji yawe meupe kwa mapovu madogo. Choma huku mwenzako akitazama eko. Mapovu yakitokea sinusi ya korona kabla ya atiria ya kulia, umepata jibu. Sasa rudia mkono wa kulia. Yakianzia atiria ya kulia, vena kava ya kulia ipo, na hiyo ni habari njema. Yakianzia tena kwenye sinusi, huenda ya kulia haipo kabisa. Na mapovu ya mkono wa kushoto yakijaa atiria ya kushoto papo hapo, simama. Vena hiyo inamwaga damu upande wa kushoto wa moyo, na povu la hewa au donge la damu litakalopita hapo linaweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Huyo hawekewi waya kupitia kushoto. Apelekwe kwa wataalamu wa moyo wa kuzaliwa nao.

Dalili ya 1: Waya elekezi unashuka kushoto mwa uti wa mgongo

Chanzo cha kwanza kukishuku siku zote ni ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Sindano imeingia ateri iliyo jirani na vena, na waya elekezi, ule unaotangulia kuonyesha njia ya mrija, uko kwenye aota, ateri kuu ya mwili. Usiitegemee rangi ya damu peke yake. Mgonjwa mwenye presha ya chini na oksijeni ndogo hutoa damu nyeusi hata kutoka kwenye ateri, nayo huchuruzika polepole kama ya vena. Tazama njia nzima. Waya ulio kwenye aota ukiendelea kuusukuma utateremka kushoto mwa uti wa mgongo mpaka chini ya kiwambo (msuli wa kupumulia), tumboni. Waya ulio kwenye vena kava ya kushoto hufuata ukingo wa kushoto wa moyo, halafu hukata kona kwenda kulia ukaingia atiria. Ukiweza kuupitisha zaidi, utaingia vena kava ya chini, kulia mwa uti wa mgongo. Ukiwa bado na shaka, pitisha kanula nyembamba juu ya waya, unganisha na kipimo cha presha. Ateri haifichiki kwenye presha.

ONYO: Ikiwa ni tundu la sindano tu, toa na ubane kwa dakika kadhaa bila kuachia kuchungulia. Ikiwa mrija mnene umeshaingia kwenye ateri, USIUTOE. Mrija huo ndio kizibo. Uache mahali ulipo, mwite daktari wa upasuaji wa mishipa. Chini ya mtulinga mkono wako hauwezi kubana ateri ipasavyo, na damu itajaa kifuani huku juu pakionekana pakavu.

Chanzo cha pili ni kijivena cha pembeni. Waya umeingia vena ya ndani ya kifua au ile ya kati ya mbavu. Utaujua kwa sababu unagoma, unajikunja na mgonjwa anaweza kulalamika maumivu. Rudisha nyuma, zungusha, jaribu tena kwa upole.

Cha tatu ndicho chenyewe, vena kava ya juu ya kushoto. Hapa usibahatishe. Choma mililita 10 hadi 20 za dawa ya rangi, ile inayoonekana kwenye eksirei, kwenye kanula ya mkono wa kushoto, ifuatishe maji ya chumvi, nyanyua mkono, na urekodi picha badala ya kuitazama tu. Kanula iwe imewekwa tangu wodini. Nimeona timu ikihangaika kutafuta vena ya mkono chini ya shuka safi huku mgonjwa akitetemeka kwa baridi. Kwa mwenye figo dhaifu punguza dawa, na muulize kila mmoja habari za mzio kabla hujachoma.

Picha hiyo ijibu maswali mawili. Je, vena inaishia kwenye sinusi ya korona? Je, kuna vena ya kuunganisha inayokatiza kwenda kulia? Ikiwepo na ikiwa pana, wakati mwingine waya unaweza kushawishika kuipitia na ukajikuta kwenye njia uliyoizoea. La tatu, kama vena kava ya kulia ipo, hujibiwa kwa kuchoma rangi mkono wa kulia.

Chanzo cha nne ni adimu lakini kinachanganya: vena ya pafu la kushoto inayopanda kumwaga damu juu badala ya kwenda atiria ya kushoto. Damu yake ni nyekundu kwa sababu imetoka pafuni, presha yake ni ya chini. Nyekundu na presha ndogo kwa pamoja, toa waya, usitumie njia hiyo.

Dalili ya 2: Waya wa betri umefika atiria ya kulia, haukubali kuingia ventrikali

Hapa ndipo saa zinapoteketea. Kwa njia ya kawaida waya unatoka juu, ukipinda kidogo unaanguka kwenye mlango wa ventrikali, chumba cha chini cha moyo. Kwa njia ya kushoto unatokea mdomoni mwa sinusi ya korona, ambao uko chini kabisa, bega kwa bega na mlango huo huo. Kwa hiyo waya unatoka umeupa mlango mgongo. Uko karibu nao kuliko siku nyingine zote, lakini unatazama ukuta wa pili. Wengi hurudia kuvuta na kusukuma staileti (kijiwaya kigumu cha ndani kinachoupa waya umbo) ile ile ya siku zote wakitumaini mara hii utageuka. Haugeuki.

Sababu ya kawaida ni umbo la staileti. Ile iliyonyooka inaupeleka waya ukutani, na ile yenye ndoano finyu inaurudisha kwenye sinusi. Kunja mwenyewe kwa vidole, upinde mpana kama nusu ya mdomo wa kikombe. Sukuma waya mpaka uguse ukuta wa nje wa atiria ya kulia, halafu usiupiganie ukuta, uutumie. Vuta staileti nyuma kidogo huku ukiendelea kuulisha waya. Ncha itateleza ukutani, waya utajikunja kitanzi kikubwa na ncha itageuka kuutazama mlango. Ukiona mapigo mawili matatu ya ziada kwenye ECG (mchoro wa umeme wa moyo), umegonga hodi ventrikali. Zungusha kamera kwenda kushoto mwa mgonjwa, nyuzi kama 40, uone ncha inaelekea wapi, kwa sababu picha ya mbele peke yake hudanganya.

Sababu ya pili ni urefu. Kitanzi kinakula waya. Ule wa sentimita 52 tunaouweka atiria hautoshi, wa 58 hutosha kwa wengi, na mwenye moyo uliotanuka huenda akahitaji zaidi. Angalia kabatini kabla ya kuanza. Chagua wa skrubu, sio ule wa kushika kwa vikucha vya mpira, maana kitanzi kikilegea usiku vikucha huachia.

Sababu ya tatu, ncha imejificha kwenye tawi la sinusi badala ya kutokea atiria. Unasukuma ukidhani umefika, kumbe uko kichochoroni. Rudisha nyuma mpaka uone ncha inacheza huru.

Wenye mirija maalumu ya kupinda, ile ya kuwekea waya wa ventrikali ya kushoto au wa njia za umeme za moyo, wana nafuu kubwa hapa. Ila sinusi iliyotanuka isikudanganye kwamba ni imara. Ukuta wake ni wa vena. Usipitishe ndani yake staileti ngumu iliyofika mpaka nchani. Iache ncha iwe laini kwa kuivuta staileti sentimita mbili tatu.

Mimi hujiwekea dakika 20 za eksirei. Zikiisha bila ventrikali, nanawa na kutafakari njia nyingine. Ya kwanza ni upande wa kulia, kama picha imeonyesha vena kava ya kulia ipo. Kwa maoni yangu ingekuwa ya kwanza tangu mwanzo kwa kila ambaye eko ilishatuonya. Kushoto tunakupenda kwa mazoea tu, kwa kuwa wengi hutumia mkono wa kulia. Ya pili ni kuupeleka waya kwa makusudi kwenye tawi la sinusi na kuamsha ventrikali ya kushoto kutoka nje, kama tufanyavyo kwa wenye moyo uliochoka. Ya tatu ni betri isiyo na waya, kidonge kinachopitishwa kwenye vena ya paja, ambacho Marekani ilikiruhusu mwaka 2016. Kinaruka tatizo lote la kifuani, ila bei yake ni mwiba, na mrija wake una unene wa nje wa karibu milimita 9.

Ya mwisho ni ya kumwita daktari wa upasuaji ashone waya juu ya moyo. Vijana huiona kama kushindwa. Nawakumbusha kwamba ndiko tulikoanzia: tarehe 8 Oktoba 1958 huko Uswidi, Åke Senning alifungua kifua cha Arne Larsson na kumpandikiza betri ya kwanza iliyokaa mwilini, kazi ya mhandisi Rune Elmqvist. Larsson aliishi mpaka 2001.

Dalili ya 3: Waya umekaa, vipimo vinakataa

Tunachotafuta kwa ventrikali ni ishara ya milivolti 5 au zaidi, umeme wa kuuamsha moyo usiozidi volti 1 kwa nusu ya milisekunde, na ukinzani wa mamia ya omu, sio makumi wala maelfu. Kwa atiria, ishara ya milivolti 1.5 na kuendelea inatosha.

Mara nyingi kosa si kosa. Skrubu imetoka kuchoma nyama, nyama imeudhika. Subiri dakika 5 hadi 10, pima tena. Nimeona waya mzuri ukichomolewa mara tatu kwa kukosa subira.

Umeme wa kuuamsha moyo usiposhuka, tazama ECG, chaneli ya V1, wakati betri inaendesha moyo. Waya wa ventrikali ya kulia kwa kawaida huipeleka V1 chini. Ikisimama juu, jiulize: waya uko tawini mwa sinusi? Picha ya ubavuni itaonyesha ncha inaelekea nyuma, kwenye uti wa mgongo, badala ya mbele kwenye kidari. Hilo si hatari ukilifanya kwa kujua na vipimo vikiwa vizuri. Hatari ni ile nyingine: waya umepita kwenye tundu la kuzaliwa nalo kati ya vyumba, uko ndani ya ventrikali ya kushoto. Huko damu huganda juu yake na kwenda kichwani. Uhamishe kabla hujafunga jeraha. Eko ya mezani huamua ubishi wote.

Kwa waya wa atiria sina mengi. Skrubu, ukuta wa nje, mbali na mdomo wa sinusi, vinginevyo waya utasikia mapigo ya ventrikali na betri itachanganyikiwa. Kabla ya kufunga, piga volti 10 na uweke kiganja chini ya mbavu. Kiwambo kikiruka, hamisha.

Dalili ya 4: Mgonjwa anabadilika mezani

Presha inashuka, anatoka jasho, hajibu vizuri. Kwanza tazama mapigo. Mara nyingi waya umegusa mahali, moyo uliokuwa unajikokota umesimama, na hakuna waya wa muda wa kuuamsha. Ndiyo maana mwenye umeme wa moyo uliokatika kabisa huwekewa pedi kifuani kabla ya kuanza. Pili, hewa nje ya pafu: tazama ukingo wa pafu kwenye skrini ile ile. Tatu, damu kwenye mfuko wa moyo, hasa kama ulikuwa unasukuma ndani ya sinusi. Ukingo wa moyo unaacha kucheza kwenye eksirei, na eko inathibitisha. Nne, hewa iliyovutwa kupitia mrija mgonjwa alipovuta pumzi au kukoroma. Mlaze kichwa chini, mpe oksijeni.

SIMAMA na uite msaada mara moja kwa lolote kati ya haya matatu ya mwisho. Hakuna waya wa kumalizia kwanza.

Dalili ya 5: Waya wa muda kutoka pajani unapita nyuma ya moyo

Kwa kawaida umeingia tu vena ya ini au ya kiuno. Rudisha, zungusha. Lakini ukiuona unapanda kulia mwa uti wa mgongo, unapita nyuma ya moyo bila kuingia, unafanya upinde juu kisha unashuka ndani ya atiria kutokea juu, vena kava ya chini imekatika na damu imejitafutia njia ya vena ya azigosi. Usiendelee kuupigania. Tumia vena ya shingo ya kulia. Na ufute wazo la kidonge kisicho na waya kupitia paja, maana njia yake ndiyo hiyo iliyokatika. Mgonjwa huyu pia akapimwe viungo vya tumboni, kwa kuwa mara nyingi ini na wengu navyo havikukaa mahali pake.

Dalili ya 6: Waya unakwama chini ya mtulinga

Hapa wala si maumbile. Ni kovu la mpira wa kusafishia damu au waya wa betri ya zamani. Mvue shati kabla ya siku ya kazi. Ukiona vena zimejaa begani na kifuani kama mizizi ya mkoko, njia ya ndani imeziba. Piga picha ya rangi, hamia upande wa pili. Kwa anayesafishwa damu, usiguse kamwe upande wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa kazi hiyo. Kupanua kwa puto au kuchomoa nyaya kuukuu ni kazi ya waliofunzwa na wenye daktari wa upasuaji pembeni.

Dalili ya 7: Amerudi kliniki

Kizunguzungu kimerudi ndani ya wiki chache: waya umehama mpaka ithibitishwe vinginevyo. ECG kwanza, kisha eksirei ya mbele na ya ubavuni, ulinganishe na za siku aliyotoka. Waya uliopita sinusi ya korona una kitanzi kikubwa, na asiyejua atadhani ndio umehama kumbe uko vile vile. Kwikwi isiyoisha, au tumbo kuruka sambamba na mapigo: punguza umeme wa betri, pima, na kama kuna maumivu ya kifua pamoja nayo fanya eko siku hiyo hiyo, waya unaweza kuwa umetoboa. Mkono wa kushoto umevimba: vena imeganda, mpe rufaa ya dawa za kuzuia damu kuganda. Uvimbe juu ya betri: USICHOME sindano kunyonya. Utaingiza vijidudu, na betri iliyoota usaha hutolewa yote, nyaya zake pia. Akizimia, akiwa na homa, au ngozi juu ya betri ikibadilika rangi, asisubiri tarehe ya kliniki.

Mpe picha zake, na kwenye kadi ya betri uandike kwa herufi kubwa: VENA KAVA YA JUU YA KUSHOTO, WAYA UMEPITA SINUSI YA KORONA, na kama ya kulia ipo au haipo. Miaka kadhaa ijayo atalazwa kwa jambo lingine, mtu atamwekea mpira kwenye vena ya shingo ya kushoto, eksirei itaonyesha umeshuka kushoto mwa uti wa mgongo, na daktari wa zamu saa nane usiku atadhani uko kwenye aota.